Jirani Yetu na Pasaka ya Watumwa

Jirani yetu alipotuletea mikate yake yote, unga wa ngano, biskuti na hata bia zilizobaki, mtaa wetu wa Malindi ulikubaliana kwamba mzungu anahama. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kukosa jibu, alisema hapana, huyo anakufa. Mtu akijua anakufa hugawa vitu. Tukazila zile biskuti kwa huzuni.

Hakuwa anahama wala anakufa. Alikuwa mjane wa Kiyahudi, aliyeshuka pwani kutoka mashamba ya bara, na Pasaka yao ilikuwa inaingia. Siku hizo chochote kilichoumuka hakikai nyumbani, kwa kuwa babu zao walitoka Misri mbio hata unga haukupata nafasi ya kuumuka. Alitueleza haya kwa Kiswahili cha shambani, kile kisichojua tafadhali, kisha akamaliza: "Wewe kuja kula kwangu. Yote kuja. Mtu moja hapana weza Pasaka."

Sasa, miaka hiyo ya themanini mimi nilikuwa naposwa. Wakwe watarajiwa walikuwa watu wa Kilifi, wenye minazi na mikorosho, na ukoo wao waliutaja kabla ya kuuliza hali. Mamake mchumba wangu alishauliza zaidi ya mara moja sisi tuliotoka Rabai ni wa upande gani hasa. Pwani nzima inajua Rabai palikuwa na wenyeji, na palikuwa na waliokombolewa utumwani wakaletwa misheni. Baba alijibu kwamba sisi ni wenyeji, kwa baba na kwa mama. Nyanya, aliyemzaa baba huyo, alikuwa palepale mkekani akichambua mchicha. Nami nilimtaka yule kijana, sitaficha. Nilimtaka hadi nikaanza kukipenda kicheko cha mamake.

Baba akaona hapa pana bahati. Atawapeleka wakwe kwenye karamu ya mzungu, waone sisi hula na nani.

Karamu! Wakwe walikuwa hawajala tangu asubuhi, wakiliwekea pilau nafasi. Mezani tulikuta mikate mikavu bapa iliyotoka ng'ambo kwa posta, mayai, bakuli la maji ya chumvi, yaani machozi, mfupa wa mbuzi usioruhusiwa kuguswa, tende zilizopondwa na korosho, ambazo eti ni udongo wa matofali ya Farao, na mchunga.

"Hii si ndiyo mboga ya wakati wa njaa?" mama mkwe akauliza.

"Ndiyo! Chungu kabisa!" mjane akajibu kwa furaha.

Na hata hiyo haikuliwa mpaka hadithi ya kutoka Misri isomwe. Baba, aliyehubiri habari za Musa miaka yote, alianza kusinzia Musa hajazaliwa.

"Sasa kila mtu sema," mjane akaamuru. "Sema: mimi nilikuwa mtumwa, Mungu kanitoa."

Pwani unaweza kumwita mtu mwizi na kesho mkanywa kahawa pamoja. Mwite mtumwa, na wajukuu zenu watasusiana mazishi. Baba alizinduka. "Wao, madam. Wao ndio walikuwa, kule Misri."

"Hapana wao. Sisi. Kama hapana sema, hapana Pasaka."

"Hilo tutaliacha, mwenzangu," mama mkwe akasema, akijikaza kwa adabu. "Kwetu hakujawahi kuwa na mtumwa. Kulikuwa na wenye watumwa."

Alilisema kwa fahari kabisa, kama mtu anayetaja idadi ya ng'ombe.

Nyanya akaweka mkate wake chini. "Mimi nitasema. Mamangu alikuwa mtumwa. Aliuzwa akiwa mtoto, meli ya Waingereza ikalikamata jahazi lao, akaletwa Rabai. Basi na mimi nilikuwa."

Mjane alipiga makofi. Ndiye pekee ambaye hakujua kilichotokea chumbani mwake. Akakimbilia mto wa kochi, akamwekea Nyanya upande wa kushoto, kwa sababu jioni hiyo watu hula wameegemea. Mtumwa haegemei mezani, aliye huru huegemea. Nyanya akaegemea.

Mama mkwe akakumbuka ghafla basi la Kilifi. Mwanawe alinitazama, akamtazama mamake, akatazama viatu vyake, akamfuata. Niliumia, nikalia palepale mezani, na mjane akanisogezea bakuli la maji ya chumvi, akidhani nimezama katika ibada.

"Mama, umetumaliza," baba akasema.

Nyanya aliendelea kutafuna mchunga. Nami, kwa hasira ya kuachwa, nikamuuliza huyo mamake aliyenikosesha mume aliitwa nani.

Nyanya akataja jina. Si jina la huku kwetu. Baba akamwomba, kwa sauti ya chini, alitaje tena. Lilikuwa jina la nyanya yake, na alikuwa hajawahi kulisikia.