Wasimamizi Wanane na Bibi Harusi Aliyekufa

Pale Bais, kwenye kisiwa cha Negros, ukitaka kitu kitengenezwe kwa uhodari mwingi na ujuzi kidogo, ulikuwa unampelekea Tikyo Bulabos. Jina lake la ubatizo ni Eutiquio, lakini hata padri alishalisahau. Alikuwa na chumba cha kompyuta za kukodisha mkabala na kituo cha mafuta, na nyuma ya pazia, kwenye kompyuta moja isiyokodishwa, alikuwa na ufalme. Ufalme huo uliitwa Kanlaon, kama mlima wao wa moto, nao ulikuwa mchezo. Watu wa Bais na ndugu zao walioko Dubai, Hong Kong na melini waliingia humo kwa mtandao wakapigana na majoka, wakauziana panga, wakasengenyana. Tikyo ndiye aliyeandika sheria za humo. Kuandika ni kumheshimu tu. Alinakili vipande kutoka kwa watu asiowajua, akaviunga, na vikigoma alibadilisha alama mojamoja mpaka vikakubali. Vikishakubali alijipiga kifua na kwenda kula.

Hivyo ndivyo alivyolitengeneza paa la mama yake, na hivyo ndivyo alivyoitengeneza pikipiki yake, ambayo taa iliwaka pale tu ulipopiga honi. Watu walimcheka naye akacheka nao, kwa sababu hakuna aliyeumia. Lakini mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Tikyo ulikuwa Marivel.

Marivel Tubat, mchumba wake, alikuwa Taiwan akimtunza bibi kizee asiyeweza kutembea. Mkataba wake ulikuwa ukingoni mwa kwisha, na wakala alishamwandalia mwingine wa miaka mitatu, umebaki kutiwa saini. Tikyo alitaka arudi waoane. Mama yake Marivel, Nanay Consorcia, muuza budbud, ambaye alikaza wali wake wa kunata ndani ya majani ya mgomba kana kwamba anamfunga mwizi, hakuona sababu ya kumkabidhi binti yake mtu wa taa za honi. Katika kumbembeleza, Tikyo akatoa ahadi ya kijinga. Angefunga ndoa na Marivel kwanza ndani ya Kanlaon, kanisani, kwa kengele na maua, ili Nanay aone kwamba nia yake ni ya kweli. Nanay alikubali kwa sharti moja. Ndoa si ndoa bila wasimamizi, na wasimamizi huja wawiliwawili, mume na mke, na ole wake atakayemruka ndugu.

Sasa, katika ufalme ule kila mchezaji alikuwa na namba moja tu ya kuonyesha hali yake, maana Tikyo alisoma mahali kwamba mafundi hasa hufanya hivyo. Moja ilimaanisha uko kwenye ndoa. Mbili, uko gerezani. Nne, umepanda nyati wa kulimia. Nane, umekufa. Mwenye hali zaidi ya moja zilijumlishwa, kwa hiyo tatu alikuwa mfungwa mwenye ndoa. Kwa nini namba ziruke kutoka mbili kwenda nne na kutoka nne kwenda nane, Tikyo hakujua wala hakuuliza. Msimamizi alipowagusa maharusi vichwani kuwabariki, ufalme uliongeza moja kwenye namba zao. Ndivyo alivyoandika kwa mkono wake: ongeza moja.

Jumapili ya harusi walikuja wasimamizi wawili, Mjomba Porong na mkewe Tiya Basyang. Walikaa mbele ya kompyuta wamevaa nguo za kanisani, Tiya Basyang na kipepeo cha manyoya cha kujipepea kabisa. Mjomba Porong akabonyeza, tangazo likatokea kwamba hawa wawili sasa ni mume na mke, na Nanay akajifuta machozi. Tiya Basyang naye akabonyeza. Hapo askari wenye mikuki wakaingia kanisani, wakawakamata maharusi wakawatia ndani, bibi harusi akiwa bado ameshika maua yake.

Tikyo alisema ni joto, kompyuta zimechoka. Nanay alisema ni mkono wa Basyang, mji mzima unajua kuku wake wanavyokufa, na dawa ya mkono mmoja mbaya ni mikono mizuri mingi. Tikyo akazirudisha namba za maharusi kwenye sifuri, na Jumapili iliyofuata wakaja wasimamizi wanne. Msimamizi wa nne alipobariki, nondo za gereza zikayeyuka, ndoa nayo ikayeyuka, na maharusi wakajikuta kila mmoja juu ya nyati wake, wakielekea polepole kwenye mashamba ya miwa bila kuaga. Wateja wa chumba kile walicheka mpaka mmoja akaanguka na kiti. Nanay hakucheka. Alisema sasa ataita watu wazito.

Namba zikarudishwa tena kwenye sifuri, wakaja wanane. Alikuwamo sajini mstaafu wa polisi, alikuwamo mwalimu wa kwaya, na Tiya Basyang aliomba kwa machozi awe wa mwisho ili asafishe jina lake. Baraka zikaenda, hali zikabadilika moja baada ya nyingine, na wa saba alipobonyeza maharusi walikuwa mume na mke, wafungwa, tena juu ya nyati, vyote kwa pamoja. Nanay alisema si vibaya, ndoa nyingi huanza hivyo. Ndipo Tiya Basyang akaweka kidole. Nyati wakatoweka, kengele zikaanza kulia za msiba, na maharusi wakaanguka chini wamekufa. Tiya Basyang macho yalimtoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Kwa watu wengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Nanay Consorcia alirudi nyumbani, akaitoa picha ya Marivel kwenye fremu ya ukutani, akaiweka mezani na mishumaa minne mbele yake, akatangaza sala za marehemu za siku tisa. Alijua binti yake yu hai, jioni ileile walikuwa wameongea. Lakini kifo kikishatangazwa mbele ya mashahidi bila kuombewa, alisema, kinabaki barabarani kikimtafuta mwenyewe. Harusi ilikuwa imefutwa, kwa kuwa Mungu ameshasema, tena mara tatu. Majirani walikuja, kama wanavyokuja kwenye msiba wowote wenye budbud na chokoleti ya moto. Kompyuta moja ya Tikyo ikabebwa kwa toroli mpaka pale, ikawekwa pembeni ya picha, ili marehemu naye ahudhurie. Basi Marivel akawa anaonekana kwenye kioo kutoka Taiwan, kashika rozari, akiitikia pamoja na wengine sala za kuiombea roho yake pumziko la milele.

Siku ya kwanza, watu walipokwenda kula, Marivel alimwita Tikyo asogee karibu na kioo, wakaitana Dong na Day kama wapenzi wa kwao wanavyoitana.

"Dong, nimekufaje?"

"Kosa dogo tu hilo, Day. Nitalibadilisha."

"Unabadilisha nini kwani?"

Tikyo akakifuta kioo kwa kiganja.

"Unaona? Hujui," alisema Marivel. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Tikyo. "Ukipatia hujui, ukikosea hujui. Mi huku nalala na bibi wa watu, nasikiliza pumzi zake usiku kucha. Sitaki kuja kuishi maisha ya kubahatisha. Sala zikiisha uniambie nimekufaje. Nikielewa, nakuja. Nisipoelewa, nasaini."

Tikyo aliona dunia imemwelemea. Alifanya alichozoea kufanya. Alimwendea Nanay amruhusu msimamizi mmoja tu, maana kwa mmoja ndoa ilikubali, akafukuzwa kwa mwiko. Akasema basi, kama wanane wanaua, pengine wa tisa atafufua. Akawabariki maharusi mara moja zaidi yeye mwenyewe, na ufalme ukatangaza kwa furaha kwamba marehemu hawa sasa ni mume na mke. Alizitazama maiti mbili zenye ndoa halali, akaweka kichwa kwenye meza. Akavirudia vipande alivyonakili zamani. Akagundua kwamba mahali alipoweka alama ya kujumlisha, wenyewe waliweka kijiti kimoja kilichosimama wima. Siku zile alikidhania uchafu wa kioo, akakifuta, akaweka kujumlisha kwa sababu kujumlisha ndiko alikofundishwa shule. Akaona aibu. Akakirudisha kile kijiti, na maharusi wa majaribio wakabaki na ndoa yao hata alipowabariki tena na tena. Lakini hakujua kwa nini, na Marivel hakuwa ameuliza kama kinafanya kazi.

Jioni ya mwisho ya sala alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, amekonda, hajanyoa. Kila bibi aliyeingia alikwenda kwanza mezani, akawasha kiberiti na kukigusisha kwenye mshumaa wa kwanza, maana ndio uliokuwa karibu, ingawa ulikuwa ukiwaka tangu alasiri. Hivyo ndivyo wanavyofanya, mtu asionekane amekuja mikono mitupu. Akawasha mmoja. Akaja mwingine, akauwasha uleule uliowashwa. Akaja Tiya Basyang, ambaye hakuna aliyemsogelea tangu aue, naye akauwasha. Mshumaa ukaendelea kuwaka kama ulivyokuwa. Haukuzimika, wala moto haukuhamia kwa wa pili.

Tikyo akaliachia sinia.

"Nimejua umekufaje," alisema, vikombe bado vinabiringika na watu wako katikati ya litania.

Nanay alimwambia akae chini, hawajafika hata kwa Mtakatifu Yosefu. Tikyo alikuwa ameshafika mezani. Akaizima mishumaa yote kwa pumzi moja, minong'ono ikajaa chumba kizima, akaipanga kwa mstari mbele ya kamera.

"Day, nitazame. Huu wa kwanza ndoa. Wa pili jela, wa tatu nyati, wa nne kifo. Ile namba inasema tu ipi inawaka. Ndo maana bei zake ni moja, mbili, nne, nane, ukijumlisha yoyote inayowaka, jumla yake haifanani na ya mingine. Mjomba Porong alipobariki, wa kwanza ukawaka." Akauwasha.

"Sawa," alisema Marivel.

"Tiya Basyang ilitakiwa aweke kiberiti hapahapa. Unawaka, unabaki unawaka, basi. Ndo kazi ya kile kijiti, kuwasha. Mi nikamwandikia aongeze. Na moja ukiongeza moja?"

"Mbili."

"Mbili ndo jela." Akauzima wa kwanza, akawasha wa pili. "Kila aliyekuja kukubariki nilimfanya ausukume moto mbele. Wa nane akakufikisha huku." Akauwasha wa mwisho, peke yake.

Marivel akaunyooshea kidole mshumaa ule. "Kwa hiyo Tiya Basyang hajaniua."

"Mi ndo nimekuua. Watu walikuja kuwasha, mi nikawa nawahesabu."

Kule nyuma Tiya Basyang akaangua kilio, na mwalimu wa kwaya, aliyekuwa amehama benchi kumkimbia, akarudi kukaa naye. Marivel akamwambia Tikyo anyamaze, amwache yeye aeleze. Akaeleza yote kuanzia mwanzo, kwa maneno yake, bila kukosea, na alipomaliza akauliza mtu akishakufa anatokaje.

Tikyo akaiwasha mishumaa yote minne. Akalowesha vidole kwa mate, akaubana utambi wa ule wa nne peke yake. Mingine mitatu haikutikisika. Alisema hiyo nayo ina alama yake. Unataja unaotaka uzimike, mingine haiguswi, na ukibana usiowaka hakuna kinachoharibika. Alishangaa kujisikia akisema hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kujua jambo kabla ya kulijaribu.

Alitaka kuwafufua papo hapo, lakini Nanay alikataa. Hakuna mtu anayefufuliwa sala zikiwa nusu. Wakarudi kwenye litania, wakamalizia watakatifu wote mpaka amina, kisha wasimamizi wanane na msafara mzima wakavuka barabara hadi kwenye chumba cha kompyuta, huku marehemu akibebwa kwa toroli. Tikyo aliandika mistari michache, vifo vikazimika, maharusi wakasimama na kujipangusa. Mjomba Porong akabariki, ndoa ikawaka. Mkewe akafunga macho, akabonyeza. Ndoa ikabaki. Wakapita wote wanane, ndoa ikabaki. Nanay, ambaye hakuwa msimamizi, akawasukuma pembeni na kubariki mwenyewe, akabariki tena na tena, akigonga kile kitufe kwa nguvu za kukaza budbud, akitafuta mahali itakapovunjika. Haikuvunjika. Akakaa chini, akasema kwa sauti ndogo kwamba harusi ya kanisani itahitaji wasimamizi wengi zaidi.

Ndipo Marivel akaita kutoka kwenye kioo chake juu ya toroli.

"Dong," alisema. "Hiyo alama ya kuzima. Na ule mshumaa wa kwanza inaweza kuuzima?"

Juma moja lililopita Tikyo angesema haiwezekani kabisa, na wala asingejua kwamba anadanganya.

"Inaweza. Inazima wowote utakaoutaja."

"Umeshaiandika?"

"Ya jela nimeandika. Ya nyati, na ya kifo. Ya ndoa bado."

"Usiiandike," alisema Marivel. "Nakuja."