Nilidhani Muuaji Nimemtunga

Admin, usiweke jina langu popote, nakuomba. Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mwalimu mstaafu, nakaa upande wa Konoin, si mbali na Mogogosiek. Majina ya watu nimebadilisha. Jambo hili nimelibeba tangu miaka ya tisini bila kumwambia mtu, hata marehemu bwanangu.

Nikiwa mtoto, jirani yetu mjane, Mama Chebet, aliuawa nyumbani kwake mchana, watu wakiwa wamepeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Aliyeshikwa ni Njuguna, mtu wa kutoka Murang'a aliyezunguka na baiskeli akinunua maziwa. Alikutwa mlangoni na damu kwenye koti. Alijitetea kwamba alikuwa anajaribu kumwinua, lakini mgeni ni mgeni, nani angemsikiza. Alifungwa maisha, akafia huko ndani. Aliacha mke na binti yake Nyambura, ambaye tulikuwa tunakaa naye dawati moja.

Mtu aliyemkuta pale akapiga nduru, na baadaye akatoa ushahidi, ni Mzee Kimutai, jirani yetu, mzee wa kanisa. Huyo mzee ndiye aliyemwendea baba yangu nilipomaliza darasa la saba, wakati mahari yangu ilikuwa inazungumzwa, akamwambia huyu msichana aende sekondari. Baba alimheshimu, akakubali. Ualimu wangu, nyumba yangu, vyote vilianzia hapo.

Nilipoanza kufundisha nilipenda sana hadithi za upelelezi, nikaamua kuandika yangu. Kesi niliyoijua ni hiyo tu. Nilihamishia mambo yote kwingine, Sosiot, nikabadilisha majina. Kwa sababu ya Nyambura, sikutaka yule muuza maziwa awe na hatia. Lakini mpelelezi lazima ashike mtu, kwa hivyo nikachagua yule aliyepiga nduru, maana msomaji hangemshuku. Ilibaki kitu cha kumnasa. Niliwaza wiki nzima, halafu nikaandika kwamba mvua ilinyesha baada ya mauaji, na ndama wa marehemu wakakutwa wamefungiwa kibandani, wakavu. Marehemu hangeweza kuwafungia. Mtu wa mbali hangejali. Ni jirani, mtu aliyezoea ng'ombe, ambaye mikono yake ingefanya hivyo yenyewe.

Nilitunga, ndugu zangu. Naapa nilitunga.

Mchapishaji mmoja mdogo wa mjini Kericho alitoa nakala chache, nikawa nauza shuleni na kanisani. Watu walifurahi. Hata vijana wa Mzee Kimutai walimtania baba yao kwamba mwalimu amemfanya muuaji, naye akacheka nao. Nyambura, wakati huo akiwa fundi wa kushona pale Silibwet, alisoma kwa siku mbili, kisha akaja akanishika mkono. Aliniambia, "Angalau kwa kitabu baba ametoka jela."

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Kimutai alikuja kwangu peke yake. Nilimpa chai, hakuigusa. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nani alikuambia mambo ya ndama?"

Nilicheka kidogo. Nikamwambia ni hadithi tu, nilibuni.

"Hilo halikusemwa kortini," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Alinieleza yote akiangalia sakafu. Walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba, Mama Chebet akamtusi, naye mzee alikuwa na jembe mkononi. Aliniambia, "Nilikasirika dakika moja tu, mwalimu. Halafu mvua ikaanza, nikaona ndama wananyeshewa, nikawafungia kibandani." Alienda nyumbani akaoga. Alipoona baiskeli ya Njuguna ikipinda kuingia kwa Mama Chebet, akamfuata.

Alipoinuka kuondoka aliniomba ninyamaze mpaka azikwe. "Nilikupeleka shule. Sijawahi kukuomba kitu mpaka leo."

Nikakubali. Mungu anisamehe, nilikubali. Nakala zilizobaki nilizichoma jikoni na sikuandika tena. Mvua ikianza mchana nami niko na ndama nje, huwa nasimama tu mlangoni nashindwa kwenda kuwaingiza. Majirani wanafikiri ni uzee. Mama yake Nyambura alikufa bado watu wakimwita mke wa muuaji, na mimi nilikuwa pale kaburini nikishika kitabu cha nyimbo. Siku moja Nyambura aliniuliza kama nilipoandika kulikuwa na mtu niliyemfikiria. Nilimwambia hapana. Wakati huo nilikuwa najua.

Mwezi uliopita Mzee Kimutai alizikwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Nyambura alilia kuliko mabinti wa kuzaa wa mzee, kwa sababu baada ya Njuguna kufungwa, mzee huyo ndiye aliyekuwa akiwapelekea mahindi na kuni. Alisimama mbele ya watu akasema, "Huyu alikuwa baba yetu tulipokosa baba." Mimi nilitoka nje.

Sasa kanisa linataka kijitabu cha maisha ya mzee, na Nyambura yuko kwenye kamati. Alikuja kwangu na daftari jipya amelinunua mwenyewe, akaniambia hakuna mwingine wa kuandika ila mimi. Atalifuata Jumamosi.

Mzee ameshazikwa, kwa hivyo ahadi imeisha. Lakini nikisema, nitamnyang'anya Nyambura baba wa pili, na atajua nilimficha miaka yote hii. Vijana wa mzee hawana kosa, na wanakaa ng'ambo ya ua wangu. Nikinyamaza, Njuguna anabaki muuaji milele, na mara hii kwa mkono wangu. Daftari liko mezani. Nimeandika siku aliyozaliwa tu, nikakwama.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mngekuwa mimi, mstari wa pili mngeandika nini?