Bastola ya Baba Juu ya Kitenge cha Mama

Wakati wa vita, Bunia ilibadilisha wakubwa mara nyingi hadi tukaacha kuuliza nani anatawala. Tuliuliza tu anataka nini. Wale walioshika mji msimu ule walitaka silaha. Walipekua nyumba mtaa kwa mtaa, na pale walipokuta bunduki walimchukua baba wa nyumba, wala hakurudi. Walikuwa bado upande wa pili wa mji, lakini kila mtu alijua kwamba na Bigo, mtaa wetu, watafika.

Na baba yangu alikuwa na bastola.

Ilikuwa bastola ya Kibelgiji, kongwe kuliko mimi, aliyoachiwa na mkubwa wake alipokuwa jandarme, askari wa serikali. Alipoacha kazi alikuja nayo nyumbani, na baadaye akaifunga kwa kitambaa chenye mafuta na kuificha juu ya dari. Majirani walihisi ipo, na nadhani baba alipenda wahisi. Risasi zilipolia karibu, mama alikuwa akisema tu, "Papa iko," kisha anaendelea na sufuria yake. Mimi, binti yao, nilikuwa nimerudi kwao na cherehani yangu baada ya kibanda changu cha sokoni kuungua, na nakiri kwamba hata mimi nililala vizuri chini ya dari ile.

Habari za upekuzi zilipofika nilisema itupwe chooni siku hiyohiyo. Baba alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Silaha muzima hatutupake, mama," akaniambia. Ndivyo alivyoniita kila mara alipotaka kunibembeleza. "Mutoto ataikuta, ataua mwenzake. Na mu choo ndiyo watatafuta kwanza."

Basi ilibidi ifunguliwe, na kila kipande kikatupwe mahali pake. Lakini mikono ya baba ilikuwa inatetemeka tangu ugonjwa ulipomshika. Hata kikombe cha chai alikimwaga nusu. Vidole vyangu ndivyo vilivyokuwa vimebaki.

Tulianza alasiri, mlango ukiwa wazi nusu. Mama alikaa kizingitini akichambua sombe, majani ya mihogo, na kuangalia njia. Angeona mtu, angekohoa. Kabla ya hapo alitandika kitenge chake sakafuni bila kuambiwa. Ilikuwa desturi ya kambi za jandarme: siku ya kusafisha silaha, mke hutandika kitenge chake na kupokea vipande kimoja kimoja, kwa sababu mume akipoteza hata kidude kidogo, adhabu ni yake na njaa ni ya nyumba nzima. Mama alifanya hivyo miaka yote ya ndoa yao kambini.

Risasi tulizitoa kwanza. Kisha nikajifinya kidole, nikatukana, na baba akacheka. Siku hiyo springi iliniponyoka, ikaruka na kutua ndani ya beseni la sombe. Mama aliipapasa, akaifuta kwa upindo wa nguo na kunirudishia.

Baba hakuwahi kunifundisha kitu maishani. Utotoni nilimjua kwa amri: nyamaza, leta maji, toka hapa. Sasa alikaa chini karibu nami na kusema, "Polepole, usiilazimishe, itakuya yenyewe." Na kweli ilikuja. Chuma cha juu kilirudi nyuma, pini ikatoka ubavuni, mtutu ukanibakia mkononi. Nikaelewa kwamba nguvu ileile inayosukuma risasi mbele ndiyo inayorudisha kile chuma nyuma na kutupa ganda, na springi inakirejesha kikiwa kimebeba risasi nyingine. Hakuna kinachofanya kazi peke yake. Kila kipande kinampa mwenzake zamu, kama katika cherehani yangu. Nilifurahi, sioni haya kusema. Mji ulikuwa unaungua na mimi nilikuwa na furaha ya mtoto aliyejua kusoma.

Tuliifungua na kuifunga siku kadhaa, na kila tulipomaliza nilisema, "Kesho tunaitupa." Baba alijibu, "Bado haujajua muzuri." Nilikuwa najua vizuri kabisa. Yeye alitaka kesho nyingine, na mimi pia niliitaka, kwa hiyo bastola ilirudi darini na sisi tukaendelea kucheza na kifo chetu kama wajinga wawili.

Kisha nikauliza swali ambalo mtu anayetaka kujua angeuliza tangu mwanzo. Ni nini hasa kinachoigonga risasi?

"Perkuteri," baba akasema. "Kasindano ka chuma, kako ndani. Finya ile mukia yake nyuma, utaona ncha inatoka mbele."

Nikafinya. Hakikutoka kitu. Nikafinya tena kwa msumari, hadi kidole kikauma. Baba akaniambia niitoe. Ikatoka, akaipokea kwenye kiganja na kuisogeza mlangoni penye mwanga. Ilikuwa fupi. Ncha yake ilikuwa bapa, laini.

"Hii haikuvunjika," akasema taratibu. "Hii mutu aliisugua ku jiwe."

Kwetu lilikuwepo jiwe moja tu la kunolea, nalo lilikuwa la visu vya jikoni. Mama hakuinua kichwa.

"Ni miye," akasema. "Ule mwaka uliacha kazi. Ulikuwa unakunywa pombe ya lotoko na unaikamata kila siku. Nilishika kitenge miaka yote ile, Papa. Unafikiri sikuona namna inafunguka?"

Baba aliigeuza perkuteri kiganjani.

"Basi vita yote hii," akasema, "nilikuwa nawalinda na nyundo?"

"Hata nyundo inapiga," mama akajibu. "Lakini siye tulilala, au hatukulala?"

Baba akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka mama akaja kumshika bega asianguke, nami nikacheka nao, ingawa nilikuwa na hasira. Tungekufa kwa chuma kisichoweza kuua hata kuku!

Habari ikaja kwamba wapekuzi wako avenue ya pili kutoka kwetu. Nikaifungua mara ya mwisho, haraka, na hakuna aliyesema bado sijajua. Vipande nilivitia chini ya majani ya sombe, nikajitwisha beseni, nikatoka kama mwanamke anayekwenda kuuza mboga. Mtutu ukaenda mtoni, chuma cha juu katika shimo la wafyatua matofali, mwili wa bastola katika choo cha nyumba iliyoungua. Vidude vidogo pamoja na risasi nilivipanda katika shamba la mihogo.

Walipofika, mmoja wao alimwambia baba, "Muzee, watu wanasema uko na pistole."

Baba akanyoosha mikono mbele yake. "Angalia hii mikono. Itashika nini?"

Walitoboa dari, wakachokoa choo, wakamwaga nguo zote chini, wakaondoka na redio yetu. Baba walimwacha. Nilikaa juu ya kile kitenge nikalia kwa shukrani.

Mama alikuwa tayari anaokota nguo. Baba alisimama mlangoni akimtazama kwa muda.

"Mama," akamwita, "wakati ulisugua ile kitu, ulikuwa unaogopa nitapiga nani?"

"Miye," mama akasema. Mikono yake haikusimama.

Baba akasogea. Akainama, akashika upande wa pili wa shuka aliyokuwa ameiokota mama. Shuka nzima ikatetemeka kati yao, na mama akangoja mpaka baba akaweza kuikunja.