Siku Runinga Ilipokalia Kiti cha Ncoolo

Nakumbuka siku moja nilipokuwa kijana mwenye mvi. Usicheke, mwanangu. Kwetu Igembe ujana hauhesabiwi kwa nywele, unahesabiwa kwa watu uliokaa nao. Ukiwa na wadogo zako, wewe ni mzee. Ukiwa na waliokuzidi, wewe ni kijana, utatumwa maji na utayaleta mbio. Siku hiyo tulikuwa watu wanne ndani ya gari la Probox. Mwenda, mtoto wa marehemu kaka yangu, ndiye aliyekuwa akiendesha, na kwa kuwa safari ilikuwa ya kumtafutia mke, hakuna aliyethubutu kumtuma. Mbele kando yake alikaa Mzee M'Ikiugu, msemaji wa ukoo wetu, mtu aliyekula chumvi nyingi. Nyuma tulikuwa mimi na mama yake Mwenda. Basi kijana wa kutumwa nilikuwa mimi, na wajukuu zangu walikuwa nyumbani wakingoja niwaletee mkate.

Katikati yetu, kwenye kiti cha nyuma, alikaa abiria wa tano. Hiyo ilikuwa ncoolo.

Kama hujawahi kuiona, nikueleze. Ncoolo ni kitita cha miraa, lakini si miraa ya kutafuna sokoni. Huchumwa alfajiri na umande wake, tena kutoka kwa miti mikongwe, hufungwa kwa ustadi na kuvikwa majani mabichi ya mgomba. Hiyo ndiyo hodi yetu. Baba wa msichana akiifungua, mazungumzo yameanza. Asipoifungua, mnaaga kwa adabu, mnarudi mlikotoka, na njiani hakuna anayeimba. Asubuhi hiyo, tulipokuwa tukitoka kwetu Kangeta, mimi nilitaka kuitupa nyuma pamoja na gurudumu la akiba. Mzee M'Ikiugu akanizuia.

"Kijana, hiyo si kabeji. Ipe kiti."

Nikaipa kiti.

Tulikuwa tunakwenda Karurumo, upande wa Embu, kwa Mzee Njeru, baba yake Wanja. Zamani za ujana wake Mzee Njeru aliendesha lori la mizigo na kulala Kangeta siku nyingi, kwa hiyo desturi zetu alizijua kuliko watoto wetu wenyewe. Aliposikia binti yake amependwa na Mmeru, alisema neno moja tu kwa simu: "Waje na ncoolo, ile ya ukweli. Wakiniletea hiyo, wameniheshimu. Hizo zingine ni maneno, tutaongea siku ingine." Na hakuwa mtu wa mzaha. Kijana mmoja wa mjini alikuwa amemfikia na gari refu na simu mbili mkononi, akarudishwa kabla chai haijapoa. Mwenda alilijua hilo. Alimpenda Wanja mpaka akawa anasahau kula, na mimi niliyemlea tangu kaka yangu afariki nilikuwa nikiomba kimoyomoyo mzee yule aifungue ncoolo yetu.

Sasa, ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Novemba. Unaijua hiyo Ijumaa. Siku hizi inaanza kutangazwa majani ya chai hayajaisha ndani ya kopo la mwezi uliopita. Wanasema ni desturi ya Wamarekani, siku inayofuata sikukuu yao ya kushukuru kwa mavuno. Sisi sikukuu yenyewe hatuijui, bata mzinga wao hatukuonja, lakini fujo za siku ya pili tumezipokea zote, tena kwa vigelegele. Tulipofika Meru mjini simu ya Mwenda ilikuwa inalia kila mara kama kifaranga aliyepotea.

"Mzee, tusimame hapa supamaketi dakika kumi tu," akasema. "Leo ni Bleki Fraide."

"Hiyo ni nini?"

"Ni kama kusema Ijumaa nyeusi."

Mzee M'Ikiugu akavua kofia. "Pole sana. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, mzee. Ni bei ndio imeanguka."

"Na nyinyi ndio mnaenda kuiinua?"

Tulicheka, lakini tulisimama. Mwenda alikuwa na wazo lake, na mtu mwenye wazo la mapenzi hazuiliki. Aliona akifika kwa mkwe na runinga kubwa, nani atamfukuza? Mzee akasema yeye atabaki garini na ncoolo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, akatuambia, na hicho kitu kimetembea kutoka Amerika. Sisi tulikuwa tumeshafika mlangoni.

Mwanangu, niliyoyaona ndani siwezi kuyamaliza. Watu walikuwa wamefurika. Mwalimu mmoja ninayemheshimu alikuwa amekumbatia beseni la kuogeshea mtoto, na mtoto wake wa mwisho yuko chuo kikuu. Wanawake wawili walikuwa wanavutana blanketi moja huku wakiulizana habari za nyumbani, maana walikuwa wa kanisa moja. Mama Mwenda, mpole kabisa wa kwaya, alipita katikati ya wanaume kama ndama aliyeona maziwa, akarudi na sufuria tatu. Na mimi? Nilisukumwa huku, nikasukumwa kule, na nilipotulia nikajikuta nimeshika feni. Feni, mwanangu! Kwetu Kangeta, ambako tunalala na blanketi mbili na bado mtu anamsogelea mwenzake. Lakini niseme ukweli, nilifurahi. Nilitoka pale kifua mbele kama mtu aliyeua chui.

Dakika kumi zilikuwa zimezaa wajukuu. Jua lilikuwa limeshapanda, jua lile kali la baada ya mvua. Tukaanza kupakia. Sufuria zikaingia, feni ikaingia. Runinga kubwa ya Mwenda ikakataa.

"Hii kitu hailali," Mwenda akasema. "Walisema ikilala kioo inapasuka. Lazima isimame."

"Basi isimame wapi?" nikauliza.

Sote tukatazama kiti cha nyuma. Mwenda akaichukua ncoolo polepole, akaipandisha juu kwenye keria, akaifunga kwa kamba ya raba. Runinga ikakalishwa katikati yangu na mama yake, ikafungwa na mkanda. Mzee M'Ikiugu aligeuka, akaitazama, akageuka tena mbele. Hakusema kitu. Ukiona mzee msemaji amenyamaza, mwanangu, jiulize.

Tulisafiri hivyo, na mimi nikiwa na pembe ya katoni ubavuni. Tulipopita Chuka, mzee akasema, "Simamisha gari." Tukadhani anataka kwenda haja. Akashuka, akasimama kando ya barabara, akaegemea fimbo yake.

"Kijana," akaniita, "shusha mgeni wetu."

Niliishusha. Upepo ulikuwa umechana majani ya mgomba mpaka yamebaki vipande. Miraa ya upande mmoja ilikuwa imelegea, ncha zimeinama, rangi imeanza kuwa nyeusi. Mwenda aliipokea mikononi mwangu na machozi yakaanza kumtiririka. Sikupenda kumwona vile. Alikuwa na uso wa kaka yangu.

"Mwenda," mzee akasema, bila kupaza sauti, "hiyo kitu imekaa nyuma na mkanda, ni baba mkwe?"

"Hapana, mzee."

"Ni babako amefufuka?"

"Hapana."

"Basi mbona iko ndani kwa starehe, na heshima ya baba ya Wanja umeianika juu ya gari kama soksi?"

Ng'ombe wa mtu alikuwa akitutazama kutoka shambani, nikaona hata yeye anatulaumu.

"Mimi sisemi usinunue," mzee akaendelea. "Duka limeuza, hiyo ni kazi yake. Lakini kila kitu unaleta kwako kitataka mahali pa kukaa. Kabla hujakileta, angalia nani atainuka akipishe. Leo ameinuka mkwe wako. Kesho atainuka nani? Huyu mama? Wanja?"

Nikaona niokoe hali. "Mzee, huko mbele kuna muguka mwingi sana, ile miraa yao ya majani. Tununue tufunge vizuri, nani atajua?"

Alinitazama tangu kichwani mpaka kwenye viatu. "Unaenda kuposa kwa mtu na majani ya upande wake? Si afadhali umpelekee na kuku wake mwenyewe?"

Nikarudi ujanani kwangu.

Chini ya barabara mama mmoja alikuwa akipalilia maharage. Alikuwa ameyasikia yote, maana jembe lake lilikuwa limesimama muda mrefu. Jina lake lilikuwa Mama Karimi. Hakungoja kuombwa. Alikata majani mapana ya mgomba, akaleta maji kwenye jagi, akatandika gunia. Mzee M'Ikiugu akapiga magoti na umri wake wote, akaifungua ncoolo, akatoa vijiti vilivyonyauka kimoja kimoja, akarudisha vile vizima, akanyunyiza maji, akafunga upya. Ilipungua karibu nusu. Lakini ilikuwa imevaa vizuri, kijani kibichi, imebanwa sawasawa.

"Sasa itakaa wapi?" akauliza, bila kumtazama mtu.

Mwenda alifungua mlango, akafungua mkanda, akaikumbatia ile runinga na kuteremka nayo mtelemko wote hadi jikoni kwa Mama Karimi. Tukamsikia akimwomba aiweke mpaka turudi.

"Na huniogopi?" yule mama akamuuliza.

"Nakuogopa kwa nini, mama?"

"Kweli. Hapa kwangu hakuna stima. Hata nikiiba, nitaangalia nini?"

Mwenda alirudi akicheka, machozi bado yako mashavuni. Akaishika ncoolo kwa mikono miwili, akaikalisha kitini. Kuanzia hapo safari ikawa nyepesi, na mama yake akaanza wimbo wa kanisa, nami nikaingilia sauti ya chini.

Tulifika Karurumo jua likiwa limeegemea. Chakula kilikuwa kimepashwa na kupoa tena. Mzee Njeru alikuwa amesimama langoni, na hakuwa akitabasamu. Tuliketi. M'Ikiugu akaiweka ncoolo mbele yake. Mzee Njeru akaipima mkononi, akapapasa jani.

"Hii ncoolo imekonda," akasema. "Na huu mgomba si wa Kangeta."

Nilifikiri M'Ikiugu, fundi wa maneno, atatafuta methali ya kutufunika. Hakutafuta. Alisimulia kila kitu kama kilivyokuwa: bei iliyoanguka, keria, soksi, Mama Karimi, hata feni yangu hakuiacha. Alipofika kwenye feni, mama yake Wanja alijifunika uso kwa leso, mabega yanacheza. Mzee Njeru peke yake hakucheka. Alimgeukia Mwenda.

"Hiyo tivii, nani aliitoa kwa gari?"

"Ni mimi, baba."

"Ulijiamulia ama uliambiwa?"

"Niliambiwa na mzee. Singejua mwenyewe. Lakini nikishaambiwa niliibeba mwenyewe, na sikuangalia nyuma."

Kisha vidole vya Mzee Njeru vikaanza kufungua kamba. Alichomoa kijiti kimoja, akakitazama, akakitia mdomoni, akatafuna taratibu.

"Mtu anaweza kuambiwa akasikia, huyo naweza kumpa mtoto wangu," akasema. "Kijana wa mjini nilimwambia neno moja tu, akaangalia simu. Wewe umeinua tivii ili nikae. Wanja hatakosa mahali pa kukaa kwako." Ndipo akacheka, kicheko cha dereva wa lori, na vigelegele vikapasuka kutoka jikoni. Nilimwona Wanja mlangoni akipangusa macho kwa kitambaa cha sahani. Mimi pia nilipangusa, nikasema ni moshi.

Tulilala huko. Kesho yake tukapitia kwa Mama Karimi na sufuria moja ya shukrani. Runinga ilikuwa salama, ila kuku alikuwa ametaga juu ya katoni, na ilibidi tumbembeleze ahame. Leo iko ukutani kwa Mwenda na Wanja, inaonyesha vizuri kabisa, nami nikiwatembelea huitazama bila kinyongo. Feni yangu nayo imepata kazi. Mke wangu huiwasha akipepeta maharage, na anasema ndicho kitu cha maana nilichowahi kumletea.

Kwa hiyo, mwanangu, najua simu yako inalia wiki hii. Sikukatazi. Kununua si dhambi, na bei ya dukani ikishuka mkulima naye hufurahi. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Ofa itapita, na mwaka ujao itarudi ikiwa na kelele zaidi. Mtu akiinuka kwa uchungu kwenye kiti chake, pengine harudi. Basi kabla hujatia mkono mfukoni, simama hapo hapo kwenye msukosuko, watu wakusukume, ujiulize alivyotuuliza M'Ikiugu, Mungu ampumzishe: nani atainuka kukipisha kitu hiki? Ukiona hakuna, nunua, beba, na ufurahi nacho. Ukiona ni mama yako, au mwenzako, au mkweo, au ile saa ya kucheza na watoto, kirudishe rafuni taratibu, kitampata mwenye nafasi. Na ukishakosea, akakuambia aliyekuzidi, usione aibu kuteremka mtelemko na mzigo wako. Ndivyo Mwenda alivyopata mke.

Mungu akupe nyumba yenye nafasi. Akupe vitu kiasi cha kutosha na watu wa kuzidi. Na siku mgeni atakapopiga hodi mlangoni pako, hata kama ni mimi na feni yangu, akute kiti chake kitupu, kinamngoja.