Hina Iliyobaki Bakulini

Watu wakituona barabarani na mashela yetu hudhani mwanamke aliyepungukiwa na nywele hapa Maskati ana bahati, kwa kuwa hakuna wa kumwona. Hawajui kwamba barabarani ndiko nilikopumzika. Tabu yangu ilikuwa majumbani, kwa wanawake wenzangu, pale milango inapofungwa, mashela yanapovuliwa na chetezo kinapoanza kuzunguka. Kila mmoja huinama, akazitandaza nywele zake juu ya moshi wa udi, kisha akampa wa pili. Kilipofika kwangu nilijifukiza kifua na mikono, shela kichwani, nikakipitisha upesi. Wenye adabu walinyamaza. Wasio na adabu waliniuliza kama nina mafua.

Nywele zangu zilikuwa nyingi. Sijisifu, maana mtu hajisifu kwa alichokwisha kukipoteza. Zilinifika kiunoni, na nilipokuwa msichana mama alizitia mafuta ya nazi huku akilalamika kwamba zinamaliza chupa. Zilianza kupungua nilipopita miaka hamsini. Kwanza ilikuwa ile njia ya katikati tunayoigawa kwa kitana. Ikapanuka taratibu mpaka ikawa si njia tena, ni uwanja.

Kila niliyemwambia alilaumu maji. Maji yetu ya bomba ni ya bahari yaliyosafishwa, na wakati wa joto hushuka kutoka tangi la juu ya paa yakiwa ya moto hata huwezi kutia mkono. Nikanunua kichujio cha bafuni. Nikala habasoda. Nikapaka maji ya vitunguu mpaka mume wangu akahamishia mto wake sebuleni. Mwisho nikaenda kwa daktari, naye akasema ni mambo ya umri na ya ukoo, yapo matone ya kupaka yatakayosaidia kidogo, ila nisitarajie kuzirudisha zote. Nikamshukuru, nikaingia ndani ya gari nikalia.

Mama yangu anakaa nasi. Alizaliwa Unguja na kukulia huko, na desturi yake ya hina alikuja nayo. Tangu nilipoota mvi za mwanzo, kila mwezi tulichagua Alhamisi moja, tukakaa uani baada ya alasiri tukatiana hina. Yeye ndiye aliyechanganya: unga wa hina, chai kavu iliyopoa, ndimu, na tone la mafuta ya karafuu kwa ajili ya harufu. Mimi nilimtia yeye kwanza, kisha nikakaa kwenye kigoda mbele yake, naye akanitia. Katika kukaa huko, yeye nyuma na mimi mbele, tuliambiana mambo ambayo uso kwa uso yasingetoka. Habari ya ndugu yangu aliyefariki mchanga niliijulia pale, vidole vyake vikiwa kichwani mwangu.

Uwanja ulipopanuka niliacha kukaa kwenye kigoda. Nilimwambia siku hizi natiwa rangi saluni. Haukuwa uongo, ilikuwapo saluni niliyokwenda Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, ambako hakuna aliyenijua. Mama nilimtia hina kama kawaida. Nikimaliza huuliza, "Na wewe?" Namjibu, "Mimi tayari, mama." Siku zile macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na mikono ilikuwa ikitetemeka. Mambo mawili hayo yalikuja pamoja, la kichwa changu na la macho yake, na mimi sikufikiri yeye atayaunganisha vipi.

Nilikuja kujua siku moja nikiwa nimebeba sinia ya kahawa. Alikuwa chumbani kwake na binti yangu, nami nikamsikia kabla sijafika mlangoni.

"Mama'ko hanitaki tena kichwani mwake," alimwambia. "Nna mikono ya kutetemeka, macho yenyewe ndo haya. Ataniambia nini? Anaona haya."

Nilisimama na sinia yangu. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na nisingeweza kuyasema bila kumfunulia kichwa yule aliyekipenda kuliko mtu yeyote. Nikajiambia nitamwambia baada ya harusi.

Harusi yenyewe ilikuwa ya binti huyohuyo, na katika ukumbi wa wanawake mama wa bibi harusi hakai na shela. Anatazamwa na koo mbili, tangu kichwa mpaka viatu. Binti yangu alinishauri nivae wigi. Sikulitaka, moyo wangu haukupata raha nalo kidini. Nikaona nina akili kuliko wote, nikaenda Hamriya nikanunua piko, ule unga mweusi wanaochorea maua mikononi na ambao wazee hupakia ndevu zao. Nikajifungia bafuni, nikaukoroga na dawa yake, nikachukua kijiti chembamba. Sikupaka nywele. Nilichora ngozi yenyewe, kistari kwa kistari, kama wanavyochora ua kiganjani, mpaka uwanja wote ukawa mweusi.

Nilipoosha na kujitazama kwenye kioo nilicheka peke yangu. Niliamini nimepona.

Asubuhi sikuweza kufungua macho. Kope zilikuwa zimevimba na kichwa kimejaa malengelenge yanayotoka maji, kinawaka kana kwamba nimemwagiwa uji. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasemavyo. Mimi niliumbuliwa na piko. Daktari alinipa vidonge na marhamu, akanikataza piko na kila rangi nyeusi maisha yangu yote. Ngozi ikipona, alisema, na nikishindwa kabisa kukaa na mvi, basi nijaribu hina ya majani matupu. Mama, asiyeona uvimbe, alinusa marhamu.

"Wanuka dawa."

"Mzio tu, mama."

Alikuwa amekwisha kuzoea kutoniuliza lolote ila lile swali la hina.

Ngozi ilipona. Wiki ya harusi ilifika nikiwa na kichwa chenye nywele nusu nyeupe, nusu hazipo. Alhamisi ile tulikaa uani, nikamtia mama hina, nikamfunga kitambaa, nikangoja lile swali lake. Nilikuwa na jibu tayari, lilelile. Mama akashika ukuta akainuka, akaanza kupapasa kuelekea mlangoni. Hakuuliza.

Moyo uliniuma kuliko kichwa kilivyoniuma. Nilitazama bakuli. Lilikuwa limebaki na hina zaidi ya nusu. Kila mwezi lilibaki hivyo, na kila mwezi nilikwenda kulimwaga, nikisema masikini mama, macho yamempotezea kipimo. Kipimo hakikuwa kimempotea. Muda wote ule alikuwa akichanganya ya watu wawili.

"Mama," nikamwita. "Na mimi nitie."

Alisimama akiwa amenipa mgongo. "Saluni wamefunga?"

"Hawajafunga. Nakutaka wewe."

Alirudi. Nilikaa kwenye kigoda, nikavua mtandio, nikafumba macho kama mtoto anayengoja sindano. Vidole vyake viliingia kwa nyuma, penye nywele, vikapanda mpaka utosini. Pale vikasimama. Akagusa upande huu, akagusa upande wa pili, akarudi katikati.

"Ndo hili ulokuwa ukinificha?"

"Ndilo."

"Na mimi nlidhani umeikinai mikono yangu."

Nilikuwa nalia. Naye alikuwa akilia, najua kwa sababu mkono mmoja uliondoka ukachelewa kurudi.

"Ah," alisema hatimaye, "kichwa cha shangazi zako hichi. Wote walikuwa hivi, Mungu awarehemu. Na ulimi wao unao pia." Kisha akachota hina akaanza kunipaka polepole, na pale kwenye ngozi tupu akapitisha kidole chepesi zaidi, lakini hakupaacha.

Haikuchukua muda. Mama akapapasa ndani ya bakuli.

"Imebaki," akasema. "Lete viganja."

Akanitia tonge moja kila kiganja, bila ua, bila nakshi, akanifumba ngumi kama walivyokuwa wakifanya bibi zake.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda ukumbini: nywele chache nyekundu zilizobanwa kwa kibanio, ngozi ikionekana katikati, mikono myekundu kama ya bibi kizee. Walinitazama. Wengine walinong'ona, na iliniuma, sitasema haikuniuma. Chetezo kilipofika niliinamisha kichwa kama wenzangu, mama akiwa ubavuni pangu.

Bado tunatiana hina. Kichwa changu hakimalizi hata robo ya bakuli, na mama anajua, vidole vyake vimekwisha kukipima. Hata hivyo huchanganya ya kile kichwa cha zamani. Inayobaki hunitia viganjani, nami siimwagi tena.