Shemeji Upande wa Pili wa Meza

Mwaka ule dada yangu alipopewa talaka, mimi na mumewe ndio tulikuwa tunaongoza mashindano ya klabu.

Klabu yetu ni chumba cha nyuma cha duka la mabati pale Isevya, hapa Tabora. Tunacheza karata, wahedi wa sitini, wawili kwa wawili, mwenza wako amekaa mbele yako na wapinzani wako kushoto na kulia. Hatuchezi kwa fedha. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu wa reli, aliwahi kusoma jinsi wacheza karata za briji wa nchi nyingine wanavyoshindana, akatuletea utaratibu wao. Karata zikishagawiwa na kuchezwa kwenye meza ya kwanza hazichanganywi tena. Za kila mchezaji zinarudishwa kwenye mfuko wa kitambaa wenye matumbo manne, mfuko unapelekwa meza ya pili, na wengine wanazicheza zilezile. Tunaziita karata pacha. Ukishindwa huwezi kusingizia kwamba uligawiwa vibaya, kwa sababu yupo mtu aliyezishika hizohizo akafanya vizuri kuliko wewe.

Mifuko hiyo aliishona dada yangu. Yeye ni fundi cherehani, na mumewe ndiye aliyempelekea kazi, akakaa pembeni yake akimwelekeza kila tumbo liwe na upana gani. Nilikuwepo siku hiyo. Walikuwa wakicheka. Au yeye alikuwa akicheka na dada alikuwa akishona. Sasa sina hakika tena.

Mimi nina duka dogo la kuchapa na kutoa nakala, kwa hiyo klabu ilinifanya katibu. Kazi yangu ilikuwa kuandika habari zetu kwenye kundi la simu: nani kashinda Jumamosi, nani kafiwa, nani kapata mtoto. Kucheza nilicheza na shemeji. Tulikuwa wenza tangu alipomwoa dada yangu, na nilikuwa nimemzoea kiasi kwamba nilijua kutokana na jinsi anavyoitua karata mezani kama nyuma yake ameficha ree ya kopa, karata kubwa kuliko zote, au hana kitu. Hakuwa akinipa ishara. Mtu ukimtazama miaka mingi unamjua tu.

Halafu asubuhi moja, muda si mrefu baada ya Ramadhani, guta likasimama mbele ya nyumba yetu likiwa na cherehani ya dada, kabati lake la vyombo na magodoro. Dada alikuja nyuma kwa miguu, amejifunga ushungi vizuri kama mtu anayetoka msibani. Mama akamuuliza kuna nini. Akasema, "Kaniacha." Mama akamuuliza sababu. Akasema hajui, muulizeni mwenyewe. Wazee wawili wa familia walimwendea shemeji. Akawakaribisha, akawapa chai, akasema ameshaandika na hana la kuongeza.

Mama alituita sebuleni, mimi na mke wangu. "Yule mtu asitajwe ndani ya nyumba hii," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe usikae naye tena."

Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Nilikwenda kwa mwenyekiti siku ileile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta."

"Naomba nibadilishiwe mwenza."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Kanuni unaijua. Wewe ndiye uliyeichapa. Wenza wakishaandikishwa mwanzo wa mwaka hawatenganishwi mpaka mwaka uishe. Tuliiweka kwa sababu watu walikuwa wanagombana kila wiki wanahama meza."

"Hili si ugomvi wa karata, mzee."

"Najua. Ila nikikufungulia wewe, kesho nitawafungulia wote, na klabu itakufa. Kama huwezi kabisa, acha kucheza. Lakini ukiacha wewe, na yeye ameachishwa."

Ningeweza kuacha. Nilifikiria hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Lakini kile chumba cha nyuma kilikuwa kitu pekee kilichofanya Jumamosi isifanane na siku nyingine, na sikuona kwa nini nifukuzwe mimi kwa ubaya alioutenda yeye. Jumamosi nikaenda, nikaketi. Yeye alikuwa ameshafika. Miaka yote alikuwa ananiita shemeji na mimi namwita shemeji. Siku ile alisema, "Katibu, habari za kazi?" Nikasema nzuri. Tangu hapo ikawa hivyo.

Mchezo wetu haukuharibika. Hilo ndilo lililonitesa. Nilitaka mikono yangu imkatae. Nilitaka nitoe turufu pasipotakiwa ili ajue. Lakini karata zikishakuwa mkononi unacheza unavyojua kucheza, na sisi tulijua kucheza pamoja. Tukaendelea kushinda. Kila tuliposhinda watu walitupongeza sote wawili kwa pamoja, nami nililazimika kumpa mkono mtu ambaye nyumbani hatajwi.

Baadaye akaoa tena. Mwenyekiti akanipigia simu. "Katibu, andika pongezi. Mwanachama akioa tunaandika pongezi, tumefanya hivyo kwa wote."

Nilikaa mbele ya kompyuta ya dukani nikaandika maneno yaleyale ninayowaandikia wote, klabu inampongeza na kumtakia heri mwenzetu, nikayatuma. Dada naye alikuwa kwenye kundi lile kwa sababu ya mifuko. Niliporudi nyumbani nilimkuta mezani kwake, uzi mdomoni. Akautoa.

"Umeandika vizuri," akasema. "Ila neno pongezi haliandikwi kwa ng' ya ng'ombe. Umeweka sijui alama gani pale katikati." Akarudi kwenye kushona. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa sina pa kuweka uso wangu.

Mwisho wa mwaka klabu yetu ilipangiwa kucheza na klabu ya Dodoma, kwao. Timu ilikuwa ya watu wanne: mimi na shemeji, na mwenyekiti na mwenza wake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa Kimoravian mwenye sauti ya kwaya na kumbukumbu ya kutisha, alikumbuka kila karata iliyokwisha kutoka. Mwenyekiti, kwa mapenzi yake ya reli, alikataa basi. Alikata tiketi zote kwa pamoja, viti vinne vinavyotazamana. Mwalimu aliketi dirishani mbele ya mwenyekiti, nami nikaketi mbele ya shemeji. Magoti yetu yaligusana kila behewa lilipoyumba.

Tulifika stesheni ya Tura treni ikasimama, na haikuondoka. Mvua zilikuwa zimenyesha vibaya upande wa mbele na maji yalikuwa yamekula tuta la reli. Hakuna aliyejua tutasimama mpaka lini. Kwanza watu walicheka, kisha wakalalamika, kisha wakanyamaza. Joto likajaa ndani ya behewa. Wanawake wa kijijini walipita chini ya madirisha na beseni za karanga, mihogo ya kuchemsha na asali kwenye chupa za maji. Mwenyekiti alitazama nje kwenye miyombo, akasema, "Njia hii ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani. Kwa miguu, na mzigo kichwani. Wangekuwa wameshatupita."

Mwalimu alicheka. Shemeji naye alitabasamu, na kwa bahati mbaya macho yetu yakakutana, nikageuza yangu haraka nikaanza kusoma maandishi yaliyokwaruzwa kwenye ubavu wa kiti.

Mama akapiga simu. Simu yangu ina sauti kubwa na mama huongea kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde.

"Mmefika?"

"Bado, mama. Tumekwama Tura."

"Uko na nani?"

"Na watu wa klabu."

"Na yeye yupo?"

Nilitazama sakafu. "Yupo."

"Basi mwambie," akasema mama, na hakuna mtu katika viti vile ambaye hakusikia, "mwambie mwanangu hakuokotwa jalalani. Mwambie Mungu anamwona."

Nikakata simu. Mwalimu alifungua kitabu chake cha nyimbo. Mwenyekiti akajifanya amesinzia. Nilitaka kuinuka nitoke, lakini njia ilikuwa imejaa mizigo na watu, na hata ningetoka ningekwenda wapi, Tura? Nilikaa na magoti yangu yakiwa yamebanwa na yake.

Baada ya muda shemeji alisimama. "Katibu, twende tukanunue mihogo." Sikutaka, lakini mwenyekiti alifumbua jicho moja akasema, "Nendeni, tuna njaa," ikabidi niende.

Tulishuka. Mama mmoja mwenye beseni alitusalimu kwa Kinyamwezi, shemeji akamwitikia, akanunua, akampa shukrani zake. Kisha hakurudi kwenye treni. Alitembea hadi mwisho wa behewa la mwisho, ambako hapakuwa na mtu, akasimama na mfuko wa mihogo mkononi.

"Mama ana haki ya kunisema," akasema.

"Kama unajua hivyo, mwambie sababu. Mwambie hata mimi."

"Nikikuambia, itabidi ubaki nalo. Hutaweza kulipeleka nyumbani."

"Sema."

Alitazama reli. "Talaka aliiomba dada yako."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia na mengine ambayo siyakumbuki yote. Alinisubiri mpaka nikaishiwa maneno.

"Muulize. Ila muulize akiwa peke yake," akasema. "Alinitengea chai asubuhi, akaketi, akasema anataka kutoka. Nikamuuliza nimemkosea nini. Akasema, 'Hujanikosea.' Nikamwambia basi twende kwa wazee. Akasema, 'Wazee watanirudisha, na mama atanirudisha, na nikirudishwa nitakufa taratibu.' Akaniomba niiandike mimi, na wakiniuliza nisiseme kitu."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Ungefanyaje, shemeji? Ningemfungia mlango?"

Lile neno shemeji lilimtoka bila yeye kulitaka, nafikiri, kwa sababu alikunja uso kama mtu aliyejikata. Tulirudi ndani na mihogo iliyopoa.

Mwalimu alikuwa ametandaza kanga juu ya sanduku katikati ya viti. "Tucheze," akasema, "au tutarukwa na akili humu." Tukacheza, sisi wawili na wao wawili. Shemeji alitoa saba ya shupaza, ambayo katika mchezo wetu inazidiwa na ree peke yake, akaitua juu ya kanga kwa ile namna yake, na nikajua anategemea ree ninayo mimi. Nilikuwa nayo. Mchana wote ule nilikuwa najua karata zilizo mkononi mwake, na kumbe mwaka mzima sikujua lolote alilobeba.

Hatukufika Dodoma. Kichwa kingine cha treni kilikuja kutuvuta kinyumenyume hadi Tabora, na klabu ya Dodoma ikapewa ushindi wa mezani, kwa haki kabisa. Niliandika habari hiyo kwenye kundi kwa mistari michache. Watu wakatuma pole.

Nilimngoja dada mpaka nikamkuta peke yake, mama akiwa ameenda kuhani msiba. Nilimwambia nilichoambiwa. Hakuacha kukanyaga cherehani mpaka alipofika mwisho wa pindo.

"Amesema," akasema.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana."

"Alikunyima kitu?"

"Hapana. Alikuwa mtu mwema. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yangu. Mume mbaya unaweza kumshtaki, watu wakakusikiliza. Mimi ningemshtaki kwa nani, kwa lipi? Nilikuwa naamka, naona ukuta uleule wa chumbani, naona yeye anaingia na mkate, namwitikia, na ndani yangu hakuna mtu. Miaka yote." Alikata uzi kwa meno. "Ningemwambia mama hivyo angeniuliza nini?"

Nilijua. Angemuuliza, kwa hiyo unataka nini? Na hakukuwa na jibu ambalo mama angelipokea.

"Lakini unamwacha anatukanwa," nikasema.

"Nalijua hilo kila siku. Unadhani nimetoka kule nikapata uhuru? Naishi na mama anayenilinda dhidi ya mtu asiyenifanyia kitu. Kila akimlaani, mimi nasema amina."

Aliniomba nisiseme kwa mama, nami nikaahidi. Jioni ile mama alirudi kutoka msibani, akaanza habari za yule mtu kama kawaida yake, na safari hii tulikuwa wawili tulioinamisha vichwa.

Mwaka mpya wa klabu ulipoanza, mwenyekiti alinishika bega. "Sasa kanuni inakuruhusu. Nikutafutie mwenza mwingine?"

Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na dada juu ya hilo. Alikuwa amesema, "Ukimwacha sasa, mji mzima utaona hata wewe umemhukumu, na wewe unajua ukweli. Ukibaki naye, mama atakuhukumu wewe. Sina njia ya tatu ya kukupa."

Nikamwambia mwenyekiti aniandike na yuleyule.

Mama hakugombana nami. Aliacha tu kula na mimi siku za Jumamosi. Mke wangu hunipakulia peke yangu, nakula haraka, navaa viatu. Mama hukaa kwenye mkeka wake karibu na mlango, mahali ambapo ni lazima nimpite.

"Unakwenda kwa yule?"

"Nakwenda klabu, mama."

Huongeza sauti ya redio. Dada ameinamia kitambaa chake, hainui kichwa, na mimi nasubiri kidogo pale kizingitini, kama mtu anayetegemea mmoja wao aseme neno, kisha natoka.