Fundo Letu Kwenye Gare Ndogo ya Lubunga

Wenzangu mliokulia ng'ambo ya mto, Lubunga, sijui kama bado mnaikumbuka gare yetu ndogo, ile ya pembeni, ambapo treni ya kutoka Ubundu ilisimama kidogo kabla ya kuingia gare kubwa. Leo ni kuta na majani tu. Vijana wa toleka wanaegemeza baiskeli zao pale wakingoja abiria. Ukiwaambia treni ilikuwa ikisimama hapo, wanakutazama kama mtu anayetaka kuwauzia kitu.

Enzi zetu, treni ikisimama, mahali pote palinuka samaki wa moshi, makemba, zile ndizi kubwa za kupika, na mawese yaliyomwagika. Tuliacha mpira wetu wa majani ya migomba tukakimbilia vitunga. Jamaa zetu wa huko juu, Ubundu, walijaza chakula ndani ya kitunga, yaani kikapu, wakakifunga kwa kamba ya kekele na kukipakia bila jina la mtu, maana kila nyumba ilikuwa na fundo lake. La kwetu lilizungushwa mara mbili, mkia ukafichwa upande wa kulia. Tukilikosea, mama alitupiga vidole. Kisha kitunga kilirudishwa kitupu kwa treni ya kurudi, kimefungwa fundo lile lile. Maana yake: tumekula, tuko wazima. Kisiporudi, kule juu walianza matanga.

Uhuru ulipokuja tulicheza pale pale kwenye gare mpaka viatu vikakatika. Ukaja uasi, na watu wale wale waliocheza pamoja wakaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Waasi waliwasaka makarani. Tonton Asumani, mdogo wake mama, alikuwa karani mjini, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Alirukia treni ya Ubundu bila hata kutuaga sisi watoto. Nyumbani hatukulitaja tena jina lake. Tulingoja fundo tu.

Siku hizo kijana mmoja mgeni alizoea kukaa kwenye benchi la gare. Alimenya karanga kutwa nzima, treni ikija hapandi, ikiondoka hasikitiki. Mimi ni mtoto wa mama yangu: sikumpenda tangu siku ya kwanza. Tena jirani yetu alikuwa amekwenda kuchukua kitunga cha kaka yake, karani pia, akarudi na watu wenye bunduki nyuma yake. Mama akawa anasema kila jioni, akifunika chungu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Basi siku moja kitunga chetu kikaja. Tulikiona wote, mama akiwa na beseni la kwanga, mikate ya muhogo, kichwani. Mizunguko miwili, sawa. Lakini mkia ulikuwa umefichwa upande wa kushoto. Mama hakupunguza hata mwendo. Tulipofika nyumbani akafunga mlango.

"Mukono ya ile fundo haiko ya Asumani," alisema. "Wamemukamata, wamemupiga mpaka akawaonyesha fundo yetu. Sasa wanangoja mwenye kitunga. Mutoto asiiguse! Mutu akiwauliza, museme hatuijue. Munasikia?"

Tulisikia. Tulikula lituma, ndizi za kupondwa, bila kitoweo, na samaki wa tonton wakaoza pale gare mpaka msimamizi akawatupa pamoja na kitunga. Nililia kwa ajili ya samaki, naona haya kusema. Yule kijana wa karanga naye alikaa palepale mpaka siku alipopokea kitunga chake mwenyewe, akakikumbatia kama mtu, na hatukumwona tena.

Vita vilipopoa, alikuja mama mmoja wa Ubundu akiulizia nyumba yetu. Alipotukuta wote wazima, alikaa chini palepale mlangoni. Tonton alikuwa amejificha kwake. Aliporuka kutoka behewani alivunjika mkono wa kulia, ndiyo maana kitunga alikifunga kwa mkono wa kushoto.

"Kila treni ikifika alikuwa anaenda kutafuta kitunga yenu," alituambia. "Alipoona haiko, akawasomea fatiha nyinyi wote, jina kwa jina. Akapanda masua, akaenda juu ya mto. Alisema hapa hana tena mutu."

Mama hakulia mbele yake. Alisuka kitunga kipya, akakifunga vizuri, akakipakia kitupu kwenye treni ya Ubundu. Akafanya vile tena na tena, miaka, mpaka gare yetu ikafungwa na hakukuwa na treni ya kusimama.

Wajukuu zangu hutumiana picha kabla chai haijapoa, na mtu asipojibu upesi wananuna. Wananicheka kwa kuwa sipokei simu ya namba nisiyoijua. Wacha wacheke. Jana, wakiwa wamelala, namba ngeni iliita mara mbili. Niliitazama, nikamkumbuka mama na beseni lake akikipita kitunga chetu, mwendo ule ule, shingo imenyooka. Nikapokea.